Baiskeli ya Mjomba Ilivyorudi Nyuma

Nsansa za bibi sijazila tena popote. Alichemsha majani ya kunde, akayaanika juu ya paa bapa la udongo la tembe letu pale Kwihara, nami, binti mdogo, nikakaa huko juu kufukuza kuku. Alikuwepo jogoo mmoja mweupe, ana kiburi huyo... basi, tumwache. Nilitaka kusema ni kutoka paani nilipomwona mjomba akirudi toka mashamba ya katani, juu ya baiskeli mpya. Bibi alizaa wana wanne wa kiume, kabaki na huyo tu.

Siku zile watu wa serikali walikuja na kamera, wakampiga picha mjomba akiendesha barabarani. Baada ya mavuno wakarudi na gari la sinema. Giza lilipoingia wakatundika shuka, tukakaa chini kijiji kizima. Mjomba akatokea! Vigelegele. Halafu vikakatika kimoja kimoja. Baiskeli inakwenda mbele, magurudumu yanazunguka kurudi nyuma.

Jirani yetu Mgogo, mtani wetu, akaangua kicheko: "Nyie Wanyamwezi! Huyu mlimzika lini? Mbona anarudi?"

Maneno ya namna hiyo mtani huyasema msibani tu, mtu akishakufa. Na sasa alikuwa ameyasema. Bibi alinishika mkono.

Kesho yake watu walipokea salamu za mjomba huku wakitazama pembeni. Jioni bibi akamtengea ugali nje ya mlango, peke yake, kama tulivyowatengea mizimu.

Siku hizi najua. Fundi picha mmoja wa mjini alinieleza: kamera hukamata vipande vipande, gurudumu likikaribia kumaliza mzunguko kati ya kipande na kipande, jicho hudhani limerudi. Sawa. Lakini uani kwetu hapakuwa na kamera.

Maana asubuhi iliyofuata mjomba aliipindua baiskeli miguu juu, mbele ya bibi. "Mama, tazama mwenyewe." Akasukuma pedali kwa nguvu, vijiti vya gurudumu vikayeyuka vikawa kama ukungu.

Bibi alitazama sana. "Linarudi, mwanangu."

Mjomba akanigeukia. "Na wewe, mpwa wangu? Sema."

Nami, naapa, niliona linarudi. Nikajificha nyuma ya bibi.

Akajifuta mikono kwenye suruali, akatoka uani, akaishika kwa miguu ile njia ya zamani ya misafara. Gurudumu lilikuwa bado linazunguka. Hakurudi.