Koti Langu la Bucha na Tumbo la Shemeji

Bora niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Nyasubi, maana wao wameshaitia chumvi: ni kweli nilizimia hospitali, ni kweli nilikuwa nimevaa koti jeupe, na ni kweli bibi mmoja aliniamkia "Shikamoo daktari" nikaitikia marahaba bila haya.

Mimi nina bucha hapa Nyasubi, Kahama. Siku hiyo shemeji yangu Masanja, mume wa dada yangu Mama Kulwa, alipigwa kichwa cha tumbo na fahali mnadani (si pembe, kichwa), akaanguka, akainuka, akajipangusa vumbi akasema "Nduhu tabu," hakuna shida, akaendelea kupatana bei ya ng'ombe wake. Mchana dada akanipigia simu kwamba wako hospitali, jasho linamtoka na nguvu zimemwisha, nikatoka mbio na koti langu la kazi ambalo nilikuwa nimelivaa muda si mrefu, halina hata tone la damu. Getini nikataka kulivua, ila mlinzi aliyekuwa anawazuia ndugu wote akanifungulia mwenyewe, "Karibu, dokta," nami nikaona kumbe mambo ni rahisi hivi, nikaliacha mwilini. Shimo langu nilianza kulichimba hapo.

Ndani ndipo bibi wa watu akaniamkia kutoka kwenye benchi, mwenye mvi zake, mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia, nikaitikia na kifua kikapanda. Masanja alikuwa amelala kitandani analalamika bega la kushoto. Nikamtazama tumbo, halina jeraha, nikatangaza kwa sauti ya kusikika benchi zima kwamba aliangukia bega, tumbo ni zima, nikaanza kumkanda.

"Kaka, una uhakika?" dada akauliza.

"Nafungua matumbo kila asubuhi," nikamjibu. "Mpe uji, huyu ana njaa."

Kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni ikaja sauti ya chini: "Asinywe." Alikuwa dada mmoja mfupi, mdogo kwangu kwa umri, amevaa kandambili za plastiki. Ndiye daktari wa upasuaji. Hakunitazama, alimfunua Masanja kope, akamgusa tumbo polepole pembe kwa pembe, akamuuliza, "Bega la kushoto linauma?" Na hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya bega! 

"Aliliangukia," nikasema (bado nabisha, jamani).

"Bega ni zima. Damu imejaa tumboni, inasumbua huku juu, maumivu yanatokea begani." Ndipo akanigeukia. "Wewe ni daktari wa wapi?"

Benchi zima likageuka kunitazama, bibi akiwemo.

"Nina bucha. Nyasubi."

Walicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Daktari hakucheka, aliushika mkono wangu akauweka kwenye tumbo la shemeji, na lilikuwa gumu kama ubao wa kukatia nyama. 

"Ng'ombe wako unamfungua ameshakufa," akaniambia taratibu. "Huyu damu inamwishia tukiwa tunaongea. Nisipofungua, anakufa. Nikifungua nikachelewa kupata panapovuja, anakufa vilevile. Katafute watu wa kumtolea damu."

Wakamsukuma chumba cha upasuaji. Dada yangu akakaa chini sakafuni, na mimi nikaanza kuwaomba damu walewale walionicheka, na wakaja, Mungu awabariki.

Muuguzi aliyekuwamo alinisimulia baadaye. Tumbo lilipofunguka damu ilijaa, hapaonekani kitu, na yule daktari hata sauti hakupandisha, alibana kwa vitambaa kila kona, akapenyeza mkono penye giza akakishika kinachovuja kwa vidole tu. Akakitoa. Halafu, mgonjwa hali ikiwa imetulia kidogo, akaupitia utumbo wote, shubiri kwa shubiri, asije akaacha tundu jingine. Mimi najua utumbo ulivyo mrefu. Mimi huwa naukung'uta nikautupia kwenye ndoo.

Alipotoka alikuja na bakuli, maana pale wana kawaida ya kuwaonyesha ndugu kilichotolewa. "Bandama. Ilipasuka. Mgonjwa anapumua vizuri." Bandama nimezishika tangu ujana wangu, nikanyoosha mikono kulipokea bakuli kama mtu mzima, na nikakumbuka kwamba hii ni ya Masanja, na kwamba nilitaka kumnywesha uji.

Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, koti limelowa damu ya bakuli, muuguzi mgeni kwenye zamu analikata kwa mkasi anatafuta nimeumia wapi, na ndani nina fulana yenye matundu mbele ya umati ule wote. Bibi ananipepea kwa kanga. "Pole, daktari," akasema, na naapa hakuwa anatania.

Sasa hivi mteja akija ananiambia, "Dokta, nipimie nusu kilo," nami nampimia. Koti jipya halivuki mlango wa bucha, nimeliapia. Juzi Masanja alikuja kwa miguu yake, akafunua shati akanionyesha kovu, limenyooka kutoka kifuani mpaka chini ya kitovu, akanidai maini ya bure. Nikamkatia. Kisu nimekishika zaidi ya nusu ya maisha yangu, nimefungua matumbo siwezi kuyahesabu, na hakuna hata ng'ombe mmoja aliyewahi kurudi kunidai kitu.