Waya wa Jiko la Mama

Shangazi yangu alisema nitarudi Iringa nikiwa sina hata bisibisi. Alisema hivyo siku niliyopanda lori kwenda Lusaka. Majirani wakacheka, na mmoja akaongeza kwamba nitarudi na koti la mtumba na kikohozi. Miaka tisa baadaye nilirudi na diploma ya umeme niliyoisomea jioni baada ya kazi, kila muhula nimejilipia mwenyewe. Nikaitundika sebuleni kwa mama, juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona.

Nilipopita Mbeya nilinunua jiko la umeme, jipya, la plati nne na oveni. Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa nalo. Mama alilizunguka mara mbili, akaligusa kwa kidole, akasema, "Inabidi tumwite mwanangu aje alifunge."

Mwanangu huyo si mimi. Ni fundi wa mtaa niliyekaa naye dawati moja shule ya msingi. Kidato cha pili hakukiona. Umeme alijifunza kwa kumbebea ngazi fundi mwingine. Nikiwa Lusaka, ndiye aliyevuta waya nyumba nzima ya mama, na tangu nirudi sikuweza kuwasha taa bila kuambiwa kwamba swichi hii aliiweka yeye, na soketi ile aliitengeneza siku ya mvua, hakutaka hata soda. Nilikuwa na wivu, sifichi. Kikombe cha bluu, ambacho tangu utoto kilikuwa changu, sasa alikuwa anawekewa chai yeye.

Nikamwambia mama jiko nitalifunga mwenyewe, na nitalifunga kwa namna ambayo mtaa huu haujaiona.

Tatizo lilikuwa moja. Sanduku langu la vifaa lilikuwa limekwama Tunduma, kwenye lori lililoharibika. Nikaazima ngazi kwa mzee mwenye duka la nguo jirani na msikiti, na drili kwa seremala. Koleo la kubania vichwa vya waya mtaani lilikuwa moja tu, na aliyekuwa nalo ni yule fundi. Alinipa bila swali lolote. Niliporudi nalo, shangazi alikuwa amekaa kibarazani kwa mama. Akalitazama.

"Na bisibisi, umeshapata?" akauliza.

Kazi niliyoifanya bado najivunia. Soketi ya kawaida haiwezi kubeba jiko kama lile, kwa hiyo nilivuta waya mnene wa milimita sita kutoka mein swichi hadi jikoni, ndani ya bomba lake peke yake, nikaliwekea jiko breka yake na swichi yake kubwa ukutani. Ethi, ule waya unaopeleka umeme ardhini hitilafu ikitokea, nikaikagua upya mpaka nikaridhika. Kipande cha mwisho, kutoka kwenye swichi hadi nyuma ya jiko, nilikikata kwa kipimo kamili ili kisining'inie. Jiko likasimama limegusa ukuta kama limeota pale.

Yule fundi alikuja kuangalia. Alisimama mlangoni, akatazama bomba langu lilivyonyooka, akasema kazi ni safi. Kisha akamgeukia mama na kumuuliza kama na ugali ataupikia hapo hapo. Mama akasema ndiyo. Yeye akalitazama jiko tena, akaaga. Nilidhani ni kijicho.

Siku tatu mama alipika chai, wali na maharage, na mimi nikawa napita mtaani polepole ili niulizwe. Siku ya nne akasonga ugali. Nilikuwa sebuleni niliposikia jiko likikwaruza sakafu, kisha mlio mkavu, kisha kimya.

Jiko lilikuwa limetembea. Kila mama alipokaza mwiko lilisogea mbele kidogo, mpaka waya ule mfupi ukachomoka nyuma na kugusa bati. Kwa kuwa ethi niliifunga inavyotakiwa, breka ilikata papo hapo na mama hakudhurika. Hilo nataka lieleweke. Lakini alikuwa amesimama na mwiko mkononi, ugali haujaiva, akilitazama jiko kama anavyotazamwa mbwa wa watu.

"Mwite mwanangu," akasema.

"Mama, mwanao ni mimi."

"Najua. Mwite yule mwingine."

Nikazima mein swichi, nikaenda kumwita. Nilitegemea aende moja kwa moja nyuma ya jiko, acheke. Hakwenda. Alimwomba mama arudishe sufuria kwenye plati na kusonga kama kawaida yake. Mama akaegemea kulia, akaishika sufuria kwa kitambaa na kuivutia kwake, na jiko likamfuata.

"Tangu nyonga ya kushoto ianze kumsumbua, anavuta, hasukumi," fundi akaniambia. "Kaka, kazi yako nzuri kuliko zangu zote humu ndani. Ila hukumwangalia mama akisonga."

Miaka tisa nilipiga simu kila Jumapili, na mama hakuwahi kunitajia nyonga. Huyu alijua hata ni ya upande gani. Kikombe nilikuwa nimeshaanza kukizoea. Hili sikuweza kulizoea.

Kipande cha waya nilikibadilisha mwenyewe. Nikauachia mkunjo wa kutosha, nikaukaza ukutani kwa klipu, na miguu ya jiko nikaifunga sakafuni kwa vyuma. Yeye alikaa kwenye kigoda, akinywa chai katika kikombe cha bluu. Mama akasonga ugali mwingine. Jiko halikutikisika.

Jumamosi sanduku langu likafika, na siku hiyo nilirudisha kila nilichoazima. Ngazi niliirudisha nikiwa nimekikaza kipandio kilicholegea. Drili niliirudisha na keekee mpya ya kutobolea. Mbele ya shangazi nilipita na sanduku likiwa wazi, bisibisi kumi na mbili zikionekana. Koleo nikaliacha la mwisho. Mama akanipa pia bakuli la ugali na mboga, limefunikwa, nimpelekee fundi pamoja na ujumbe.

Nilimkabidhi koleo, nimelitia mafuta. Nikamkabidhi bakuli. Ujumbe haukutaka kutoka, na alikuwa ameshageuka kuingia ndani nilipomwita.

"Mama anasema, asante mwanangu," nikamwambia.

Neno hilo la mwisho nilikuwa nimekusudia kubaki nalo, nisilifikishe. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, sina cha mtu.