Mwasha Taa wa Nungunungu

"Muumba alikupa vidole kumi, Elwood. Kumi! Huna hata kimoja kinachojua kuchelewa?"

Leota alisema hayo bila kugeuka, mwiko wake mrefu kama kasia ukizunguka ndani ya sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea. Ilikuwa supu ya watu arobaini: mahindi meupe yaliyochemshwa kwa majivu mpaka maganda yakatoka, maharage mekundu, na nyama ya nguruwe ya chumvi. Jikoni walikuwamo watu watatu.

"Kidole hakina kosa, dada," mdogo wake akajibu kutoka mezani. "Kidole kinafuata jicho."

"Basi jicho lako na lipofuke."

"Na jicho linafuata mpira."

"Mpira! Darris aliudaka mpira! Watu elfu mbili walimwona mwanangu anaudaka!"

"Aliudaka, nani kakataa? Aliudaka, akaanguka nao ndani ya goli. Kama mtu aliyeokota pochi akatumbukia nayo kisimani."

"Usiniletee pochi jikoni kwangu."

Mama mdogo Alvina, ndugu wa marehemu mama yao, alikuwa kwenye kiti cha dirishani, blanketi magotini. Alikuwa na miaka themanini na minane, na masikio yake yalikuwa ya hiari: yalifanya kazi siku alizopenda. Asubuhi hiyo aliamua yamelala.

Ugomvi huu ulikuwa na umri wa siku nane, na ulikuwa umenenepa kama mtoto anayenyonya mama wawili. Elwood alikuwa mwasha taa. Katika ule uwanja wa ndani wa Ohsweken, kijiji chao cha wenyeji wa asili, nyuma ya goli la kaskazini, kuna kizimba cha vioo chenye stuli moja na kitufe kimoja. Mpira ukivuka mstari, mwenye stuli anabonyeza, taa nyekundu inawaka, ni goli. Usipovuka, anakaa na mikono yake. Ndiyo kazi yote. Na Jumamosi ya wiki iliyopita Elwood alibonyeza, na kwa kubonyeza kule timu ya nyumbani, ambayo kipa wake alikuwa mtoto wa dada yake mwenyewe, ikamaliza msimu mzima bila ushindi hata wa kusingiziwa.

Jambo hilo lingekuwa la kucheka tu, kama si moyo wa Elwood. Tangu theluji ya kwanza moyo wake ulikuwa ukiruka mapigo kama mbuzi anavyoruka mitaro. Daktari wa mjini akampa vidonge vya rangi tatu. Wajuao wa nyumbani wakamwambia neno jingine: anatakiwa achezewe. Maana mchezo huu wa fimbo zenye wavu, Muumba aliwapa watu wa huko zamani sana, kabla hajapatikana mtu wa kuuza tiketi. Mpaka leo mgonjwa akichezewa na wanaume wa kwao, kwa fimbo za mti, asubuhi, nje penye udongo, hupata nafuu. Hapo hakuna taa. Magoli hupangwa idadi mapema, na hakuna anayeuliza nani kashinda.

Mwenye kuwakusanya wachezaji alikuwa Darris, kwa sababu huko mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba akiumwa, mpwa ndiye anayeulizwa. Siku ikapangwa mapema: Jumapili hii, kabla ya saa sita. Sasa ilikuwa saa nne na nusu, na tangu taa ile iwake Darris hakuwa amemwambia mjomba wake hata "pisha nipite". Nje hakukuwa na gari, hakukuwa na mtu. Kulikuwa na matope ya mwezi wa nne na mbwa mmoja.

"Atakuchezea nani?" Leota akauliza. "Utapiga mpira mwenyewe, ukimbie ukaudake mwenyewe, halafu ujiwashie taa?"

Elwood aliweka kiganja kifuani, akasikiliza mbuzi wake.

Mtu huyu alizaliwa miaka sitini na mitatu nyuma, katika nyumba ambayo kila mwanaume alikuwa na kovu la mchezo. Yeye pia alikuwa nalo, ila alilipata kwa kuanguka kutoka kwenye benchi. Misimu minne alikaa benchi hilo mpaka mbao zikachukua umbo lake. Siku moja wakaumia watu watano kwa mpigo; kocha akamtazama, akaguna, akamwingiza. Elwood akaupata mpira. Akakimbia kama moto kwenye nyasi kavu, akawapita wanne, akamlaza kipa, akafunga goli ambalo uzuri wake haujapata kuonekana tena pale. Golini kwao wenyewe. Wazee walicheka siku tatu. Ya nne wakamwita, wakampa stuli ya kizimbani. "Goli letu wewe unalijua kuliko adui," walimwambia. "Kaa hapo ulitazame."

Akalitazama miaka thelathini na mmoja. Siku za kazi aliendesha basi la shule. Siku za mechi alikaa kwenye vioo vyake bila kupepesa. Nzi mmoja aliwahi kutua kwenye kope zake robo ya kwanza, akataga, akaangua, na robo ya nne watoto wake walikuwa tayari wanajitegemea. Anayebisha hakuwahi kukaa naye karibu. Na taa yake haikusema uongo hata siku moja. Kwa goli moja tu alilowawashia wageni, shemeji zake walimnyima mkate wa kukaanga harusi mbili na msiba mmoja, na bado hakusema pengine nilikosea.

Basi ndipo tajiri mmoja wa mjini akaja na timu ya kulipwa, akaiita Nungunungu wa Mtoni, akaivisha jezi zenye miba mabegani. Akasimama kwenye kipaza sauti akasema: hapa ndipo kwenye chimbuko la mchezo, timu haiwezi kupoteza hapa. Wakapoteza kumi na tisa kwa sita. Wakapoteza kumi na saba kwa tano. Kocha akasema timu bado inajengwa. Mechi ya saba akasema wapo kwenye msingi. Ya kumi na mbili wakamfukuza, wakaleta mwingine, naye akaanza kuchimba msingi upya.

Aliyefanya kazi kuliko wote msimu ule alikuwa Elwood. Robo moja goli lake lililindwa na Darris, robo inayofuata timu zinabadilishana, Nungunungu wanashambulia upande wake, na hapo ndipo alipopumzika: alikula karanga, akanyoosha miguu, mara moja akasinzia. Zile robo nyingine zilimtoa jasho. Balbu iliungua mara tatu. Kidole gumba kikavimba kikawa kama gunzi la hindi. Kuku wa jirani wa uwanja, kwa ule wekundu uliokuwa unapenya madirishani, waliamini ni alfajiri, wakawa wanataga mayai mara tano kwa siku, na mwenye kuku hao ndiye mtu pekee aliyewapenda Nungunungu mpaka mwisho.

Wengine waliobaki walisema hawajali. Leota ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Kila alipowapata watoto kwenye nyumba ndefu ya sala aliwafundisha: mchezo huu ni dawa, tunaucheza Muumba afurahi, kushinda si kitu. Watoto wakaitikia. Kisha alirudi nyumbani, akawasha televisheni, akaitupia ndala. Msimu ule alimaliza televisheni mbili.

Mechi ya kumi na nane ikaja. Kumi na mbili kwa kumi na mbili, muda umekwisha, dakika za nyongeza, atakayefunga kwanza ameshinda. Watu elfu mbili waliokuwa hawajali walikuwa wamesimama juu ya viti. Kipindi kile Darris alikuwa upande wa kaskazini. Mpira ukaja ukivuma kama nyuki aliyetukanwa. Darris akajitupa, akaubana kwapani, akaanguka ubavu. Wachezaji sita wakamwangukia, na wa saba akamwangukia refa. Hakuna aliyeona kitu isipokuwa miguu.

Elwood aliona. Chini kabisa ya lundo lile, kwapa la mpwa wake lilikuwa limevuka mstari kwa upana wa punje ya hindi. Na Darris, shavu sakafuni, macho yake yalikuwa kwenye kioo, yanamtazama mjomba wake. Wakatazamana. Hakuna aliyeuliza swali, na wote wawili walilisikia.

Elwood akabonyeza.

"Sifuri kwa kumi na nane," Leota alikuwa anasema sasa. "Hata sifuri yenyewe imeona haya. Jana dukani mtoto wa miaka sita kaninyooshea kidole gumba, hivi, kanibonyezea hewani!"

"Mchezo ni dawa, dada. Kushinda si kitu."

Hapo Leota aligeuka. Kando ya mlango ilikuwa imeegemezwa fimbo ya mti ya marehemu baba yao, ambayo Elwood aliitoa kabatini kwa ajili ya siku hiyo. Leota aliiendea akiwa amekunja ndita, na kusudi lake lilijulikana. Mkono ulifika karibu kabisa, ukasimama. Fimbo ile, kwa mila yao, mwanamke haishiki. Akasimama pale mbele yake akihema, mkono hewani, kisha akarudi kwenye sufuria, akauchukua tena mwiko, akampiga nao mdogo wake begani. Mara moja. Punje tatu za mahindi zikabaki kwenye shati lake.

"Ulitaka nidanganye?" Elwood akamuuliza.

"Nani kasema udanganye? Nilitaka upofuke kidogo tu! Wanaume wote wana upofu wa nyumbani. Vyombo vichafu hawavioni, kuni zimeisha hawaoni. Wewe peke yako ndiye uliyepewa macho, na ukayafungulia kwa mwanangu!"

"Ningemwashia taa mtoto wa mwenzangu kwa haki, halafu wa kwetu nimfichie?"

"Ndiyo! Ndiyo maana ya wa kwetu!"

Akaweka kifuniko kwa kishindo. Alibaki ameshikilia kile kifuniko kwa mikono miwili kama kitu kinachotaka kuruka. Aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine.

"Wasipokuja leo, itakuwaje? Daktari kasema nini kuhusu mwezi ujao? Hukuniambia, lakini karatasi niliisoma, uliiacha kwenye basi. Mimi nilikuwa na kaka watatu, Elwood. Nimebaki na huyu mmoja msumbufu."

Elwood akaanza kuokota punje za mahindi begani mwake, moja moja, akazipanga mezani.

"Ulikuwa ndani," sauti ikasema kutoka dirishani.

Wote wawili wakageuka. Mama mdogo Alvina alikuwa anakunywa chai yake.

"Mpira ulikuwa ndani. Kwapani, karibu na mshono wa jezi. Nilikuwa mstari wa kumi na mbili, niliuona."

"Mama mdogo," Leota akasema, "una mtoto wa jicho macho yote mawili. Juzi ulimsalimia mlingoti."

"Mlingoti haukuitika, nikajua. Mpira ulikuwa ndani."

"Na siku zote nane umekaa hapo unatusikiliza?"

"Hakuna aliyeniuliza. Halafu mlikuwa mnagombana vizuri, nikaona nisiwaharibie."

Leota akamtazama, akamtazama Elwood, akatazama sufuria. Nje mbwa alibweka mara moja, akaacha, kama aliyemtambua mtu. Leota hakumsikia. Alikuwa keshavuta pumzi ya kuanza upya.

"Sawa. Ulikuwa ndani. Uliona wewe, kaona kipofu wetu, kaona Muumba. Itasaidia nini? Darris haji. Mwanangu namjua, nilimzaa siku mbili, hata kuzaliwa alikataa kwa hasira. Supu hii tutaila watu watatu mpaka mwezi wa nane. Na wewe utakufa mkweli, Elwood, na siku ya mazishi nitasimama mbele ya watu wote, nitawaambia huyu mdogo wangu alikuwa na—"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Hakuna aliyebisha hodi. Aliyeufungua, hapo ni kwao. Darris aliingia na matope mpaka magotini, jicho moja bado jeusi la mechi ile, fimbo ya mti begani. Nyuma yake kizingitini walisongamana Nungunungu tisa, na nyuma ya Nungunungu vijana wawili wa palepale wanaochezea ile timu iliyowafunga, wanajipangusa viatu kwa bidii ya watu wanaomwogopa mama mwenye nyumba.

Darris hakumtazama mama yake. Alikwenda moja kwa moja mezani. Akaona buti za mjomba zimevaliwa lakini hazijafungwa, kwa kuwa mwenye moyo ule akiinama huona nyota. Akaegemeza fimbo ukutani, akapiga goti sakafuni, akashika kamba, akaanza kuzifunga.