Mbegu za Msimu Uliopita

Nilipostaafu kufundisha kilimo sekondari, niliteuliwa kwenye kamati huru ya kuangalia kazi za wakala wa serikali uliokuwa ukigawa mbegu za pamba mkoani Mara. Tuliotumwa kwenda mashambani tulikuwa wawili: mimi na mzee mmoja Mwislamu wa Bunda, aliyeuza mbegu dukani kwake miaka mingi kabla ya kuwaachia wanawe. Kazi yetu ilikuwa kusikiliza malalamiko na kusema tulichokiona, basi.

Meneja wa wakala ule alikuwa jirani yangu katika mtaa wa Mwisenge, mjini Musoma. Mke wake na mimi tuliimba kwaya moja. Nililisema hilo mbele ya kamati mapema, na mwenyekiti akaniuliza kama bado nitaweza kazi. Nikajibu kwamba nitaweza. Sikuwa na hakika sana.

Wakulima wa Nyamuswa walilalamika kwamba mbegu hazikuota. Wakala ulidai kuwa walichelewa kupanda, mvua ikakatika. Meneja akatutolea gari na dereva, lakini mzee akashukuru na kukataa.

"Tukipanda gari lao, tutafika wanakotaka tufike," aliniambia. Tukaenda kwa basi, kisha bodaboda.

Mama mmoja mjane alitutembeza shambani kwake. Mistari ilikuwa imenyooka, ila miche ilikuwa mmoja hapa, mwingine kule mbali.

"Mimi nilikuwaga napalilia mpaka mgongo unakataa," alisema. "Mwaka huu nipalilie nini?"

Alikuwa ametuchinjia kuku. Tulimweleza kwamba hatuli kwa wakala wala kwa mkulima mpaka kazi iishe. Uso wake ulibadilika. "Kwa hiyo chakula changu ni rushwa?" Mzee akaomba maji, akanywa kikombe kizima, nami nikanywa. Haikusaidia sana, lakini alitupatia mbegu alizobakiza.

Kule Musoma tulimwomba meneja afungue ghala, tukachagua gunia wenyewe. Tukazipanda mbegu za mama na za ghalani kwenye makarai ya mchanga, ofisini kwake, karibu na dirisha. Karai la tatu tulilitilia mbegu mpya kutoka kituo cha utafiti.

"Mwagilia mwenyewe," mzee alimwambia meneja, "usije ukasema tulizinyima maji."

Akamwagilia kwa uaminifu. Karai la tatu likajaa miche. Yale mawili mengine yalitoa michache dhaifu, na kwingine kote kukawa mchanga mtupu.

Meneja aliyatazama, akaketi. "Mama, hizi zilikaa ghalani tangu msimu uliopita. Lile bati jua likipiga linawaka kama jiko. Niliomba kibali cha kuzitupa, nikaambiwa zigawiwe kwanza."

"Uliambiwa na nani?"

Alichukua kopo, akamwagilia tena makarai.

"Nitaandika ulivyosema," nikamwambia.

"Andika tu. Lakini sisi ni majirani, mama."

"Najua, baba."

Kabla ya kumaliza tulipita Butiama, kwa mkulima wa Mwitongo ambaye naye alilalamika kwamba pamba yake haikuota. Tulikuta shamba limejaa mihogo mikubwa. Alicheka kidogo kwa aibu, akakiri kwamba hakupanda pamba kabisa. "Wenzangu walilalamika, nikaona nisibaki nyuma."

Hilo nalo tuliliandika. Taarifa iliposomwa mbele ya wakulima, walipiga makofi kwenye habari ya ghala, wakanuna kwenye habari ya mihogo. Mtu mmoja nyuma alipaza sauti kwamba tumenunuliwa. Mzee alinong'ona kwamba nusu saa kabla, watu wa wakala walikuwa wamesema hivyo hivyo.

Wakala uliagizwa kujaribu mbegu kabla ya kugawa, na Nyamuswa wakapelekewa nyingine. Yule mjane alizipokea, lakini sehemu kubwa ya shamba alikuwa ameshapanda mtama, na hakuung'oa.

Meneja alihamishiwa mkoa mwingine. Mke wake aliacha kuja kwaya wiki kadhaa kabla ya kuhama. Siku walipopakia vyombo nilikwenda kusaidia, mke wake akanipa upande mmoja wa kabati tulibebe pamoja hadi kwenye lori. Aliyetoa amri ya kugawa zile mbegu hatukumjua mpaka mwisho.