Waridi la Barazani, Stesheni ya Kamina

Siku yangu ya kwanza kazini, Kapita, yaani msimamizi wetu sisi watunza bustani wa reli, hakunipa jembe. Alinisimamisha barazani mwa stesheni, mbele ya waridi linalopanda nguzo, akaniambia nilitazame mpaka nichoke. Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu kila mahali, lakini majani yake yalikuwa mabichi. Nilikuwa nimeoa karibuni na kazi niliihitaji, nikatazama.

Lilikuwa waridi la pori kutoka Ulaya, lisilopukutisha majani, lenye maua madogo meupe ya petali tano. Mkuu wa Bustani, Mbelgiji asiyecheka, alilipendea nguvu za mizizi. Juu yake tulipandikiza mawaridi chotara, watoto wake waliochanganywa na mawaridi mengine, wenye maua yaliyojaa petali. Unakata jicho, yaani chipukizi lililolala kwenye tawi, unalichomeka chini ya gome la shina la pori, unalifunga kwa uzi. Kinachochipua chini ya kiungo ni pori, hukatwa.

Mwaka wa pili nilikata juu ya kiungo badala ya chini yake. Chotara pekee ambalo Mkuu alitumiwa na mama yake likaanguka miguuni pangu. Mkuu aliporudi na treni kutoka Bukama, aliuliza ni nani aliyelikata. Nikasogea nyuma ya Kapita.

“Njo minyi, Bwana,” Kapita akasema, akijinyoshea kidole. “Mukono yangu iliteleza.”

Akavuliwa ukapita papo hapo, akapewa ndoo ya kumwagilia. Nyumbani nilimsimulia mke wangu. Alinipakulia bukari, ugali wetu, kisha akasema hakuolewa na mtu wa kujificha nyuma ya mzee. Asubuhi nilikwenda ofisini nikakiri. Mkuu akamwita Kapita, akamuuliza kwa nini alidanganya.

“Ungemufukuza huyu, Bwana. Na mukono yake iko muzuri kupita yangu.”

Mkuu akauliza lile tawi lililokatwa liko wapi. Kapita alikuwa amelihifadhi majini tangu jana yake. Nikachomeka macho matatu mbele yao. Moja likashika. Kapita alirudishiwa cheo. Ndoo ikawa yangu kwa miezi mingi, na ilikuwa haki.

Kapita alipostaafu nilishika nafasi yake. Baadaye, Base, kambi ya jeshi la Wabelgiji karibu na Kamina, ilipojengwa, nilihamishiwa huko kupanda mawaridi yale mbele ya nyumba za maofisa, chini ya Komanda aliyetaka kila mstari unyooke. Huko ndiko nilikomalizia kazi.

Sasa vijana huniuliza kama sijutii kumaliza umri kwa maua ya wazungu. Nawaambia maua yalikuwa yao, ufundi ulikuwa wangu, na nilipewa na mtu.

Mtu huyo, Kapita, nilimfikia kijijini kwake alipokuwa mgonjwa sana. Nilitaka kumshukuru kwa siku ile, akanikatiza.

“Umefundisha bantu ngapi hii kazi?”

“Watu tisa, Baba.”

Akaniomba nimtajie majina yao, mmoja mmoja, nami nikamtajia.