Makombe ya Bibi Kando ya Singidani

Juzi nilikuwa Tanga kikazi, maji yamekupwa. Mwamba mmoja ulijaa chaza. Wa jirani yake haukuwa na hata mmoja. Mama aliyekuwa akiwabandua aliniambia watoto wa chaza huelea tu majini, wakipata mahali panapowafaa hushika, wasipopata hufa. Nikamkumbuka bibi yangu, aliyeolewa kutoka huko huko akaletwa Singida.

Alitunza makombe, maganda matupu ya chaza, ndani ya kopo, yakinukia chumvi na karafuu. Alasiri moja, nikiwa mtoto, niliyabeba yote hadi Ziwa Singidani, kwa kuwa nalo lina chumvi, nikayapanda kwenye tope kwa mistari, kama tulivyopanda alizeti. Bibi alinifuata akihema, ndala mkononi. Alichovya kidole majini, akaonja.

“Chumvi ipo,” alisema, akaketi.

“Yataota, bibi?”

Aliitazama mistari yangu, akachomoa kombe moja, akalirudisha.

“Basi niyachimbue?”

“Yaache, mjukuu wangu, nimechoka. Yatazoea. Mimi si nimezoea?”

Nikaamini yote mawili.