Vidole Gumba Kinywani mwa Mwalimu

Binti wa marehemu kaka yangu hufundisha upasuaji wa kinywa na taya. Zamani fundi alimshika mwanafunzi wake mkono akauongoza. Siku hizi wanaanzia kwenye vichwa vya plastiki visivyojua maumivu. Nimemlalamikia hayo mara nyingi, naye hunijibu kwamba afadhali iharibike plastiki kuliko mimi.

Asubuhi moja nilipiga mwayo mezani, taya likateguka. Mdomo ukabaki wazi, mate yakinidondoka kifuani, nisiweze kutamka hata jina langu. Mke wangu akanikimbiza hospitali kwa binti yetu huyo, akimweleza dereva njiani kwamba tangu aolewe hajawahi kupata utulivu kama huu.

Nilidhani binti yetu atanirudishia taya yeye mwenyewe. Alinipapasa chini ya masikio, kisha akamwita mmoja wa wanafunzi wake, msichana mwembamba ambaye wenzake humtania kwa jina la Profesa, akamwamuru anirudishie taya.

Nilitaka kukataa. Ikatoka sauti kama ya ndama, na hakuna aliyeielewa, au walijifanya hawaelewi.

Profesa alivaa glavu, akafunga vitambaa kwenye vidole gumba. Akasema polepole kwamba kwenye plastiki alifaulu, lakini kwa mtu hajui kiasi cha nguvu, akizidisha, atanivunja.

Ndipo nikaona nisichowahi kukiona. Mwalimu wao alivuta kiti, akaketi, akafunua kinywa chake.

"Weka gumba kwenye magego ya chini, nyuma kabisa. Kandamiza."

Msichana akasita, akaambiwa tena. Akakandamiza, akaongeza, mpaka mwalimu akatokwa na machozi na kumpiga kofi dogo mkononi.

"Hapo," akasema, akijifuta midomo. "Usipunguze, usizidishe. Haya, mwendee baba yangu mdogo."

Nilibaki nimeduwaa, na mdomo tayari ulikuwa wazi. Profesa akabadilisha glavu na vitambaa. Vidole vikaingia, vikashusha taya, vikalisukuma nyuma. Kitu kikalia ndani ya kichwa changu, na meno yakafunga ghafla juu ya gumba lake. Hakupiga kelele. Alingoja nilegeze.

Nikafungwa bandeji kutoka kidevuni hadi utosini, nikakatazwa kupanua mdomo. Mlangoni niligeuka. Wanafunzi walikuwa wamepanga foleni wakijifunga vitambaa, na binti yetu, macho bado mekundu, alikuwa amefunua kinywa tena. Mke wangu akanivuta mkono. Miguu ilikataa kwenda.